Jiwe Chini ya Benchi

Jumamosi tulipokuwa tukipanga maua kanisani hapa Nyeri, alifika mgeni kutoka makumbusho akiwa na karatasi pana. Alitaka kunakili maandishi ya jiwe la kaburi la setla mmoja, Mzungu wa enzi za ukoloni, lililo sakafuni chini ya benchi la mbele. Mama mjane ambaye hukalia benchi hilo kila Jumapili akaombwa alisogeze.

Mgeni akapiga magoti, akatandaza karatasi juu ya jiwe na kuisugua kwa nta nyeusi, polepole, kama anayempangusa mtoto uso. Jina likatokea. Mama akakunja mikono.

"Na tuko na uhuru! Huyu ni nani apigiwe magoti?"

"Alikuwa mkulima wa kahawa, mama."

"Kahawa ya kupaliliwa na bwana yangu! Yeye tulimzika shamba, msalaba yake ikaliwa na mchwa. Mbona yeye hamkuji kumwandika?"

Mgeni akaiviringisha karatasi yake. Nami nikakumbuka kaburi la baba, lenye alama ya mgomba tu, nikamwonea wivu yule maiti wa chini ya jiwe.

Mgeni alipoondoka, mama alirudisha benchi, mguu mmoja wa benchi ukakanyaga jina lile hasa. Akakaa kwa uzito wake wote.

"Ameshasomwa," akasema. "Sasa anyamaze."