Suruali ya Lehlohonolo

Puseletso aliendesha kamera ya mionzi kwa miaka kumi na tisa katika hospitali moja ya Bloemfontein, na hakuna mgonjwa aliyewahi kumwona akitabasamu. Walimwita Mama Sindano. Hakujali. Kazi yake haikuwa kupendwa. Kazi yake ilikuwa kuwadunga dawa yenye mionzi, kuwaamuru wanywe maji na kukojoa kwa saa tatu, kisha kuwalaza chini ya kamera aone dawa imekimbilia wapi. Dawa ile hupenda mfupa wenye shughuli. Pale mfupa unapobomoka na kujijenga kwa pupa, kama saratani inavyoulazimisha, picha huweka doa jeusi.

Jumatano hiyo karatasi ya kwanza ilikuwa na jina la baba mkwe wake, jina ambalo mkaza mwana wa Kisotho halitamki hata ashikiwe panga. Mzee alikuwa na saratani ya tezi dume, na madaktari walitaka kujua kama imeingia mifupani. Ndiye huyu aliyesimama kwenye mazishi ya mwanawe Lehlohonolo, miaka sita nyuma, akatangaza kwamba Puseletso amemla mumewe. Matanga yalipoondolewa, akazoa nguo zote za marehemu. Mila, alisema. Mila ina mdomo mpana inapofika kwenye mali ya mjane.

"Hakuna mwingine wa kunihudumia?" mzee aliuliza.

"Hakuna. Sema jina lako."

"Unalijua."

"Siruhusiwi kulitaja. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Akalisema kwa kinywa kizito. Akadungwa. Saa tatu zilipokwisha, akakataa kubadilisha nguo: mkaza mwana hamwoni baba mkwe hata kichwa wazi, seuze miguu. Mgonjwa mwingine angevuliwa kwa maneno makali. Na huyu, Puseletso hakutaka hata kubishana. Tena suruali ile ya kaki aliitambua. Alimnunulia mumewe mwenyewe, mfuko akaushona kwa uzi wa kijani.

"Lala hivyo hivyo," akasema.

Picha ikatoka. Uti wa mgongo safi, mbavu safi. Kwenye nyonga ya kushoto, doa jeusi kama punje ya maharage.

"Imeshafika mfupani," alisema Dokta Swanepoel, kijana mwenye haraka. "Hakuna tena cha kupasua. Naandika arudi nyumbani na dawa za maumivu."

Puseletso alifurahi. Tusimpake mafuta: alifurahi kwa moyo wote, na furaha hiyo ilidumu kwa muda ambao daktari alikuwa akitafuta kalamu. Kisha kazi yake ikamsuta. Mzee mwenye tezi dume hudondosha mkojo, na dawa hutokea mkojoni. Tone moja kwenye nguo hutoa ushahidi wa uongo bila kupepesa.

"Usiandike, Dokta. Nilimpiga picha akiwa na suruali."

"Wewe?"

"Mimi."

Akarudi chumbani. "Vua suruali."

"Umemla mwanangu, sasa unataka kuniona uchi?"

"Nimeona uchi wa nusu ya jimbo la Free State. Wako hautanitoa macho. Daktari anataka kuandika kwamba hupasuliwi, urudi nyumbani ukafe."

"Nife. Si ndilo unalotaka?"

"Ndilo," alisema Puseletso. "Lakini si kwa kosa langu."

Mzee akaushika mkanda wake kwa mkono. Ndipo Puseletso alipojinyoosha akamwita mbele ya mlango uliokuwa wazi:

"Moferefere Motaung."

Mzee alitikisika kama aliyepigwa kofi. Anayeweza kumtaja hivyo si mkaza mwana wake tena, ni mhudumu tu. Akageukia ukuta akafungua mkanda.

Puseletso alimwosha nyonga kwa sabuni, bila upole, akampiga picha tena. Nyonga safi. Halafu akaitandika suruali peke yake chini ya kamera, na doa likatokea pale pale, bila mtu ndani. Dokta Swanepoel aliitazama picha ile kwa muda, akaandika: apasuliwe.

"Suruali yangu," alisema mzee, amejifunga blanketi la hospitali. Shukrani hakutoa, na hakuna aliyeingoja.

"Inabaki kabatini siku mbili, mpaka mionzi iishe."

"Ni ya mwanangu. Unaniibia."

"Ni mila," alisema Puseletso. "Ya hapa."

Aliitia kwenye mfuko, akachukua kibandiko. Kinatakiwa kiandikwe jina la mwenye mali. Akaandika Lehlohonolo Motaung, kwa herufi kubwa, akaufunga mlango wa kabati, wa madini ya risasi yanayozuia mionzi.