Choroko Juu ya Grinilandi

"Mtu wa kijiji cha Mkunya, aliyekulia kuteka maji bondeni, ndiye akachore dunia?" Hivyo ndivyo walivyonicheka Newala nilipoaga kwenda Nairobi kusomea ramani. Fundi cherehani alinikopesha nauli huku akiapa kwamba nitarudi mpishi. Mjomba peke yake hakucheka. Aliiweka mikorosho yake rehani kwa mwenye duka wa Masasi ili nilipe ada.

Nilirudi na diploma. Sipendi kujisifu, kwa hiyo nitasema tu kwamba Newala na Masasi nzima hapakuwa na mwingine mwenye nayo. Nikasikia shule zinataka ramani mpya za dunia. Nikachora moja ya aina inayotunza ukubwa: maumbo hupindika kidogo, lakini kila nchi hupata eneo lake la haki. Nikipewa kazi hiyo, mikorosho ya mjomba imepona. Nikinyimwa, mwenye duka atavuna msimu uleule.

Mkaguzi wa shule, Mzungu mpole, aliniita shuleni Masasi, na mjomba akanifuata. Mwalimu mkuu, aliyevaa tai hata akipalilia shamba, aliitazama ramani yangu kama mboga iliyochacha.

"Afrika imevutika kama kanzu iliyoanikwa bila kukamuliwa. Na Uingereza je? Umeipunguza!"

"Sikuipunguza, mwalimu. Nimeikuta hivyo."

"Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, akisikia utalala ndani." Akaonyesha ramani ya zamani ukutani. "Grinilandi inalingana na Afrika. Nimefundisha hivyo tangu wewe hujaota meno."

"Wape pole wanafunzi wako."

"Mpwa wangu," mjomba akanong'ona kutoka dawati la nyuma, "mikorosho!"

Juu ya kabati palikuwa na tufe la dunia. Nikamwomba mpishi wa shule choroko na uji mzito wa muhogo. Nikapaka uji kwenye tufe, nikaijaza Grinilandi choroko bila kuzipandanisha. Nikazibandua, nikazihamishia Kongo. Hazikuijaza. Nikafanya vilevile kwenye ramani yangu, na Kongo ikabaki na nafasi vilevile.

"Sasa yako, mwalimu."

Alikataa mali ya serikali kupakwa uji, basi nikaitandaza ramani yake mezani choroko zikae bila kubandikwa. Choroko za Grinilandi yake ziliimeza Kongo, zikapanda Sudani, zikashuka hadi kwetu Newala, na bado zilitafuta pa kwenda.

"Huko Grinilandi wanaishi watu gani wengi hivyo?" mjomba akauliza.

"Ni barafu tu, mjomba."

"Barafu! Barafu imepewa shamba kubwa kuliko sisi?"

Mkaguzi alicheka mpaka akavua miwani. Akaagiza ramani zangu kwa shule zote za Masasi na Newala. Mwalimu mkuu akasema alikuwa ananijaribu tu.

Nilipolipwa, nilivaa suti nikawazungukia wote walionikopesha, siku moja. Fundi cherehani alipokea nauli yake, akachungulia mshono wa koti langu, akasema Nairobi hawajui kushona. Kwa mwenye duka niliingia na mjomba, nikalipa deni lote. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuwaambia watu waliojaa barazani. Mjomba alichukua karatasi ya rehani, akaichana vipande vidogo, akaondoka kwenda kupalilia mikorosho yake kabla sijafungua mdomo.