Mimi wa Ndani na Chungu cha Senene

Chungu cha senene kina sauti yake. Kinaanza kwa kunong'ona, kisha kinanguruma kidogo kidogo, kwa sababu senene, wale panzi wa msimu wa mvua, hukaangwa kwa mafuta yao wenyewe, yanayowatoka kadiri wanavyopata moto. Mpaka leo nikiisikia sauti ile, kwanza mate hunijaa mdomoni, halafu aibu inakuja nyuma yake.

Kwetu Izigo, enzi za Mwingereza, senene walikuwa kazi ya wanawake na chakula cha wanaume. Msimu ukifika tulipanda mlimani alfajiri, mimi na mama na bibi, kuwaokota kwenye majani yenye umande kabla jua halijawakausha mabawa. Tukirudi tuliwanyofoa miguu na mabawa mpaka vidole vikawa kijani. Mama alikaanga, akafunga kwenye jani la mgomba, akampelekea baba. Sisi tulikula ndizi zetu. Bibi alisema mwanamke akila senene atazaa mtoto mwenye kichwa kilichochongoka kama cha senene, na mimi kwa miaka mingi nilivichungulia vichwa vya watoto wa majirani nikimtafuta mama aliyekula.

Nilipokuwa darasa la nne, mama aliniachia chungu akaenda kisimani. Nilionja mmoja. Halafu wawili. Halafu nikaacha kuhesabu. Nilijifuta mdomo kwa jani, nikakipapasa kichwa changu mwenyewe, nikaketi kungoja kitu kibaya kinipate. Hakikunipata. Walikuwa watamu, basi.

Nilikuwa msichana wa kuota ndoto mchana. Nilitaka kuwa mwalimu, nisimame mbele ya ubao na viatu vyeupe. Nilipofika shule ya kati ya wasichana, nje ya mji wa Bukoba, nafasi za kwenda kusomea ualimu zilikuwa chache, na kila msichana alihitaji mzazi akubali, maana kukubali kulikuwa kuchelewesha kuozwa. Walimu walisema mimi nafaa. Lilibaki neno la baba tu.

Mwaka ule alikuja bibi mmoja wa Kizungu, kijana, mwenye baiskeli na madoadoa usoni, tukaambiwa amesomea mambo ya nafsi na atatupa shauri mmoja mmoja. Sisi shauri tulilolijua lilikuwa la Bwana Shauri kule bomani, anayesikiliza kesi. Tuliogopa. Mwenzangu mmoja alikiri kabla hajaulizwa kwamba ndiye aliyevunja mtungi wa jikoni.

Lakini yule bibi hakutaka kesi. Alitaka kusikia. Alitusomea hadithi ya msichana anayezungumza na moyo wake, akasema mwandishi wa hadithi na mtoa shauri wanafanya kazi moja, wote wanamtafuta mtu aliye ndani. Kila mtu, alisema, ana mimi wa nje, anayewatii wazazi na kupiga magoti, na mimi wa ndani, ambaye ndiye wa kweli. Huyo wa ndani ni kama punje ya kahawa. Unamenya ganda, unamkuta. Akatupa madaftari tumwandike huyo mimi, akaahidi hayatasomwa na mwingine.

Nilimpenda. Wewe acha tu, hakuna mtu mzima aliyekuwa amewahi kuniuliza ninaota nini. Siku yangu ilipofika, kwenye chumba kidogo chenye harufu ya chaki, nilimwambia habari ya senene niliyoiandika daftarini, na kwamba sikuona aibu. Macho yake yaling'aa kama nimempa zawadi.

"Huyo ndiye wewe," aliniambia. "Umemwona?"

Nilitoka mle ndani natembea kama nimeshavaa vile viatu vyeupe.

Likizo ilipofika, alikuja nyumbani kwetu kumwomba baba akubali. Alikuja kwa wema, hilo sitalikataa. Baba alimpa kiti, akamletea punje za kahawa za kutafuna, naye akazitafuna bila kukunja uso. Mimi, mama na bibi yangu tulikaa kwenye majani yaliyotandikwa chini. Kiswahili cha baba kilikuwa cha kuuzia kahawa mjini, hakikutosha kwa maneno kama yale, basi nikaambiwa nitafsiri. Nikatafsiri kwamba nina akili. Nikatafsiri kwamba nchi inahitaji walimu wanawake. Baba alikuwa anaitikia kwa kichwa, anakubali, namwona kabisa anakubali.

Ndipo yule bibi, kwa kutaka kumalizia vizuri, akasema kwamba zaidi ya akili nina ujasiri wa nafsi. Akaeleza. Alisema nilivyokula senene nikiwa mtoto, peke yangu, na nisione aibu, na kwamba msichana wa namna hiyo atawafundisha wengine wasiogope.

Nilifungua mdomo niseme kitu kingine. Ningesema amesifu kahawa, ningesema amesifu nyumba. Lakini senene ni senene kwa Kihaya na kwa Kiswahili, na neno lilikuwa limeshafika kwenye sikio la baba.

"Tafsiri," baba aliniambia.

"Tata, anasema anawapenda senene wetu."

"Tafsiri alivyosema."

Nikatafsiri. Kila neno langu la siri nililitoa kwa mdomo wangu mwenyewe, kwa lugha ya nyumbani, mbele ya mama. Bibi yangu alijifunika uso kwa kanga. Baba hakupandisha sauti. Alimshukuru mgeni, akamsindikiza mpaka mwisho wa kibanja chetu cha migomba, akamshikia baiskeli. Aliporudi alimtazama mama, hakunitazama mimi.

"Asomee nini tena huyu," alisema. "Kula ameshajua."

Ikaishia hapo. Nafasi yangu alipewa mwenzangu, yule wa mtungi. Ukoo mzima ulimsema mama kwa kulea mwizi wa chakula cha wanaume, na shangazi zangu waliokuja kumfariji walikuja na vicheko vyao, wakaniuliza kama nimeshapima kichwa. Yule bibi wa Kizungu aliniletea barua. Aliandika kwamba amesikitika, lakini nisimwache mimi wa ndani, kwamba siku moja nitawashinda wazazi wangu. Niliisoma mara moja. Aliahidi madaftari hayatasomwa na mwingine, na kweli daftari hakumwonyesha mtu. Alilisema tu.

Nimefikiri sana juu ya ile punje yake ya kahawa. Mimi nimekulia kwenye migomba. Ukimenya shina la mgomba kutafuta kilicho ndani, unatoa gome, unakuta gome, unatoa na hilo, na ukifika katikati mkono wako umeshika maji tu na mgomba umelala chini. Yeye alinimenya hivyo.

Siku moja baadaye tukichambua maharage, mama akasema bila kuinua kichwa:

"Ungeniambia mimi."

Nikatoa jiwe kwenye maharage.

"Unadhani aliyewahi kuonja chungu ni wewe tu? Ungeniambia mimi, tungenyamaza wawili."

Nilimtazama. Aliendelea kutupa mawe na maharage mabovu pembeni, uso wake haukubadilika hata kidogo. Mimi wa ndani niliyemkabidhi mgeni kama wangu peke yangu, kumbe mama alikuwa naye, na labda bibi yangu, na labda wanawake wote wa mlima ule, wamemweka mahali ambapo hakuna baiskeli inayofika.

Msimu uliofuata tulipanda tena mlimani. Wachumba walikuwa wameshaanza kuniulizia, na mimi nilinyofoa mabawa bila kuimba. Mama akanibandikia chungu, akachukua mtungi, akaenda kisimani, akakaa huko muda mrefu kuliko maji yanavyohitaji.

Chungu kilinong'ona, kikanguruma. Nilitia chumvi. Nilikula mmoja, nikatenga wachache kwenye kipande cha jani, nikakikunja vizuri, nikakiweka chini kabisa ya kikapu cha mama cha shamba. Kisha nikajifuta mdomo.