Mbwa Aliyekosa Kunguru

Harufu ya dagaa wanaokauka juani hainipiti hivi hivi. Juzi ilinikuta nikiwa juu ya bodaboda, mkoba mapajani, na papo hapo nikawa mtoto wa miaka tisa wa pale Bangwe, kando ya ziwa, miguu imejaa mchanga, nikimsikia Bibi akiita ufukweni: "Hayakuhusu! Hayakuhusu, njoo hapa!"

Hayakuhusu alikuwa mbwa wetu. Bibi alimpa jina hilo makusudi, kwa ajili ya majirani waliopenda kujua sufuria yetu imepika nini, na kila alipomwita kulikuwa na mtu wa kujifanya hakusikia. Alikuwa mbwa wa rangi ya udongo, sikio moja limesimama, jingine limelala. Bibi akianika dagaa asubuhi, yeye alifukuza kunguru, basi. Aliifanya kazi hiyo kwa moyo wote. Kunguru akitua pembeni hata kama anafikiria tu, Hayakuhusu kashafika.

Shida ilianza siku za mbalamwezi. Ninyi mnaoishi mbali na ziwa huenda hamjui: dagaa wetu huvuliwa gizani kwa taa, na mwezi ukiwaka sana taa haziwavuti, kwa hiyo wavuvi hupumzika wakashona nyavu zao. Siku hizo tulimfunga Hayakuhusu kamba kwenye nguzo ya kichanja cha kuanikia dagaa, asije akadokoa vyakula vya watu. Hapo ndipo alipoanza kuufukuza mkia wake. Mwanzoni mara mbili tatu, baadaye mzunguko juu ya mzunguko, mpaka anapepesuka kama mtu aliyetoka kilabuni.

Naona aibu kuwaambia, lakini nitawaambia: nilifurahi mno. Niliita wenzangu, tukapiga makofi, tukahesabu mizunguko kwa sauti, na akifika ishirini nilimrushia dagaa mkavu. Bibi akitoka alimfokea, "We mbwa, acha!" Naye alimtazama, akatikisa mkia uleule, akaanza upya. Giza liliporudi na dagaa wakarudi, tulimfungua kamba, naye akatulia. Mwezi uliofuata ikawa vilevile. Mwezi wa tatu aliukamata mkia, akautafuna mpaka damu ikatoka.

Hapo kicheko kikaisha. Wengine walisema ni kichaa cha mbwa. Wengine walisema mbwa anayezunguka mwezi ukipevuka ana jini la ziwani. Mwenyekiti wa mtaa akaja, akasimama mbali na fimbo yake.

"Mama, nakuheshimu," alimwambia Bibi. "Lakini akimuuma mtoto wa mtu, mimi nitajibu nini? Ijumaa nitaleta watu wammalize."

Usingizi ulinipotea. Sikumwambia mtu kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikimpigia makofi.

Bibi naye si mtu wa kukaa akilia. Alituma ujumbe kwa bwana mifugo kule Gungu, na Alhamisi akafika na pikipiki yake. Aliomba kadi ya chanjo. Bibi akaitoa ndani ya bati la biskuti, ilikokuwa imekunjwa pamoja na cheti changu cha ubatizo. Bwana mifugo alimtazama mbwa akila na kunywa, akakagua chini ya mkia kama kuna viroboto, minyoo au jeraha la zamani, akasafisha kidonda. Mwenyekiti alikuwa amesogea kusikiliza.

"Hiki si kichaa," bwana mifugo alisema. "Kichaa cha mbwa hakiji kikaondoka kila mwezi. Mbalamwezi ikiwaka, ninyi hapa mnafanya nini?"

"Hatufanyi kitu," Bibi akajibu. "Tutafanya nini, na dagaa hawapo?"

"Na yeye?"

Bibi alimtazama mbwa, akaitazama kamba, akashika kiuno. "Yoo, mwana wanje, mwanangu wee! Tumemnyima kunguru wake."

"Na akizunguka, mnamfanyaje?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikasema yote, makofi, hesabu na dagaa, machozi yakinitoka. Yule bwana hakunigombeza. Alisema mbwa aliyefungwa bila kazi huitafuta popote, na sisi kwa kumshangilia na kumfokea tulimfundisha kwamba ameipata. Akizunguka, mtu asimcheke wala asimkemee wala asimshike kwa nguvu. Afunguliwe, atembezwe, na apewe shughuli kabla hajaanza, maana huanza kwa kukodolea macho kiuno chake. Huenda asiache kabisa, alisema, lakini ataishi.

Mwenyekiti akakohoa. "Mwezi mmoja. Akirudia, basi."

Mwezi huo niliuhesabu kwa vidole. Ulipopevuka, Bibi alitandaza nyavu tupu na kunyunyiza chenga za dagaa ili kunguru waje. Mimi nilificha dagaa kwenye mikunjo ya wavu mbovu ili awatafute kwa pua. Asubuhi na jioni nilitembea naye ufukweni kuelekea Ujiji. Kamba Bibi aliitia motoni. Na ufukwe mzima ukaamriwa usimwone mbwa. Wachukuzi waliozoea kumcheka walipita wakikagua mawingu. Mwenyekiti alisimama ametugeuzia kisogo, shingo imekakamaa.

"Leo ndiyo jina la mbwa wangu limeeleweka," Bibi akaninong'oneza.

Siku ya tatu, Hayakuhusu alisimama ghafla. Akakodolea macho kiuno chake. Akazunguka mara moja. Nilitaka kupiga kelele, nikauma mkono wa gauni langu. Nikaenda polepole, nikatikisa wavu, kunguru mmoja akaruka. Mbwa aliutazama mkia, akamtazama kunguru. Akaondoka mbio kumfuata kunguru.

Bibi aliketi mchangani, miguu kainyoosha, yeye ambaye sikuwahi kumwona ameketi kabla ya adhuhuri. "Asante Mungu," alisema, akajifuta uso na kanga. Mimi nililia kwa furaha mpaka kamasi. Mwenyekiti akaenda zake, na Hayakuhusu akaishi nasi miaka mingi baadaye. Mvua zikitufungia ndani alizunguka mara moja au mbili, lakini tulishajua la kufanya.

Nilidhani nimejifunza habari za mbwa tu. Mwaka huu tulimhamishia Bibi kwangu, Gungu. Tulimwambia apumzike, tukamnyang'anya hata ufagio, kwa upendo. Akaanza kukunja kanga yake, anaikunjua, anaikunja tena, kutwa nzima. Hospitali hawakuona ugonjwa. Mimi nikawa namsihi, "Bibi, acha basi." Naye ananitazama, anaanza upya.

Juzi, pale juu ya bodaboda, harufu ile iliponikuta, nilimwambia dereva ageuze twende nikanunue dagaa. Nilirudi nyumbani na ndoo ya dagaa, nikamwekea Bibi ungo mapajani ili awachambue. Kanga ikateleza chini, hakuiokota. Vidole vyake vikaingia kazini, dagaa huku, mchanga kule.

"Editha," alisema bila kuinua kichwa, "mbwa ulimwelewa upesi kuliko ulivyonielewa mimi."

Nilitaka kumkumbatia, kucheka na kumwomba radhi, vyote kwa pamoja. Nikageukia dirishani, nikakagua mawingu.