Ganda Nililokuwa Nalitupa

Darasa la jioni la watu wazima, mwalimu wetu alitwambia maganda ya kapsuli hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, na huko ng'ambo mara nyingi mnyama mwenyewe ni nguruwe. Nikaandika kwenye daftari. Mimi nilitolewa shule Siyu nikiwa darasa la nne, nikaja Langoni kuolewa, kwa hiyo kila nilichofunzwa ukubwani nilikikamata kwa mikono miwili. Hili nililikamata kuliko yote.

Binti yangu alikuwa na miaka kumi na minne alipoanza kutokwa na damu chooni. Tumbo likimkata anajikunja mkekani, chakula hakimkai, akakonda mpaka buibui likawa linamvaa yeye. Hospitali wakamkuta na vidonda kwenye utumbo mkubwa. Daktari mmoja, mwanamke aliyekuwa akifanya utafiti, akasema kuna dawa wanaijaribu, na asili yake ni manjano.

"Manjano haya ya mchuzi?" nikamuuliza.

"Hayo hayo, mama. Lakini ukila ya jikoni, mengi yanapita tu, mwili hauyachukui. Haya yametengenezwa kwa teknolojia ya nano. Punje zake ndogo mno, darubini ya kawaida haizioni, na kila moja imevikwa mafuta. Zikifika kwenye kidonda zinaingia."

Binti yangu akasema, "Manjano na mafuta? Basi mimi ni samaki wa kukaangwa." Daktari alicheka mpaka akavua miwani.

Kapsuli mbili asubuhi, mbili jioni, zimezwe nzima. Hilo la nzima alilirudia. Nilimsikia vizuri.

Nyumbani nikakisoma kile kichupa neno kwa neno, kidole juu ya maandishi. Sikuona palipoandikwa halali. Nambari ya simu ya daktari nilikuwa nayo, ningempigia. Lakini niliona haya. Nilijiambia atanicheka moyoni, huyu mama anapewa dawa ya mwanawe naye anauliza habari za nguruwe. Na kusema kweli haikuwa haya peke yake. Niliona nimesoma, najua, sina haja ya kuuliza.

Maalim wa mtaani kwetu alikuwa akimwandikia kombe, aya za Qur'ani kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, halafu tunaziosha kwa marashi mgonjwa anakunywa. Basi asubuhi na jioni nikawa nazifungua kapsuli, unga naumwaga ndani ya kombe, maganda nayatupa. Unga na zafarani rangi yao moja, huwezi kujua kipi ni kipi. Nilifurahi, Mola anisamehe. Niliona nimezikusanya dawa mbili kwenye sahani moja, na haramu nimeifungia nje.

"Mama, si alisema nimeze nzima?"

"Kunywa, mwanangu. Mamako ni mimi."

Akanywa.

Mwezi wa kwanza ukapita, damu haikukoma. Kliniki muuguzi akaniuliza, "Anazimeza nzima?"

"Nzima," nikajibu.

Ilikuwa Alhamisi, nami nimefunga sunna. Mwanangu aliinamisha uso akawa anachezea upindo wa mtandio wake. Tumewalea watoto wetu wawasitiri wazazi mbele za watu, na siku ile mwanangu alinisitiri kwa kitu kilichokuwa kikimuumiza mwenyewe. Mwezi wa pili nikaulizwa tena. Mara hii jibu lilitoka hata sikulisikia.

Mwezi wa tatu daktari alituketisha. "Dawa haikumsaidia, mama. Nasikitika. Itabidi aende Mombasa, madaktari wa upasuaji wamtazame. Huenda wakautoa utumbo." Akatueleza habari ya mfuko unaobandikwa tumboni, choo kikapita humo.

Mwanangu aliuliza swali moja tu. "Nitaweza kuswali nao?"

Mimi ndiye niliyemfunza kuswali. Nikasema, "Daktari, hakuzimeza," nikamweleza yote, nguruwe, kombe, na uongo wangu mara mbili.

Sikumwangalia usoni.

"Ganda lile limetokana na miti, mama. Hamna mnyama ndani. Na limetengenezwa makusudi lisiyeyuke tumboni, lizilinde zile punje mpaka zifike chini kwenye vidonda. Wewe umewateremsha abiria katikati ya mkondo."

"Na kombe?"

"Kombe halina neno. Angekunywa kombe lake, halafu akameza kapsuli kwa maji. Ungeniuliza tu."

Maneno hayo mawili ya mwisho bado yananiamsha kabla ya adhana. Daktari alisahihisha maandishi yake ya utafiti, akaomba ruhusa kwa wakubwa wake, tukapewa miezi miwili ya kuanza upya kabla ya Mombasa. Wiki ya tano damu ikapungua. Ya nane ikakoma, alhamdulillahi, na safari ikafutwa, dawa ikaendelea. Lakini kuna kipande cha utumbo kilichofanya kovu na kuwa chembamba, na daktari hakunificha, miezi ile mitatu ina sehemu yake. Vyakula vingi mwanangu hatavila tena.

Nimetubu kwa Mola wangu. Lakini haki ya mja husamehewa na mja mwenyewe, nami nalijua hilo tangu chuo cha Qur'ani. Siku moja baada ya Alasiri nikamkuta anapiga pasi sare yake ya shule. Nikamwambia, "Niwie radhi, mwanangu."

Akashtuka, pasi juu. "Mama! Mtoto ndiye anayeomba radhi. Wataka kunitafutia laana?"

"Nakuomba."

Alinitazama, akaiweka pasi kando. "Nimekuwia. Wallahi nimekuwia." Akanyoosha mkono. "Lakini hicho kichupa nipe mimi."

Nilikuwa nacho mfukoni mwa dera, kama siku zote. Nikampa. Sasa asubuhi namsikia chumbani kwake akikifungua, halafu gilasi ya maji ikigusa meza. Mimi nakaa upande huu wa pazia. Siingii, wala simuulizi kama amemeza.