Vitunguu vya Mtani Kwenye Korido

Vitunguu vikikaa kwenye gunia zaidi ya wiki mbili huanza kutoa harufu ya utamu uliochacha, kitu kati ya togwa iliyosahaulika na soksi za mwanafunzi. Juzi nilikwenda Ikungi kukagua vyumba vyangu vitatu ninavyopangisha, nikafungua mlango wa mbele, na harufu hiyo ikanipokea. Mpangaji mmoja alikuwa ameweka gunia la vitunguu nyuma ya mlango. Gunia moja tu, jamani! Nilipaza sauti mpaka binti wa watu akatoka mbio na unga mikononi, akaniomba radhi kana kwamba ameua. Nimeona haya tangu siku hiyo, na ndiyo maana nawasimulia ninyi haya.

Nilikuwa na miaka tisa. Tuliishi Utemini, pale Singida mjini, katika nyumba ya vyumba sita aliyotuachia baba alipofariki. Ni nyumba za aina mnayoijua: mlango wa barabarani, korido ndefu katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, halafu uani kwenye jiko, choo na banda la kuku. Baba alikuwa ameacha nafasi ya geti la nyuma, lakini kuku walipoibwa mara ya pili aliiziba kwa matofali. Madirisha yote yalikuwa na nondo. Siku hizi mtu akiniambia anajenga nyumba ya kupangisha, kabla sijamuuliza habari ya mabati namuuliza njia ya pili ya kutokea iko wapi. Wengi huniona mkorofi.

Mama alipangisha vyumba vya mbele, sisi tukabaki vya nyuma. Chumba kikubwa alikichukua bwana Msengi, mfanyabiashara wa vitunguu, mtu mnene mwenye kicheko kinachofika kabla yake mwenyewe. Alikuwa Mnyiramba, na sisi ni Wanyaturu, kwa hiyo alikuwa mtani wetu. Kwa wageni wa mambo haya, mtani anakutukana mbele za watu nawe unacheka. Ukinuna, aibu ni yako. Siku alipokuja kuulizia chumba, mama alimwambia, "Mnyiramba naye anajua kulala ndani ya nyumba? Haya, karibu. Nyumba yako hii, mimi nitahamia bandani na kuku." Wakacheka mpaka mama akajifuta machozi kwa kanga. Karatasi haikuandikwa, shahidi hakuitwa, wala hakuna aliyeuliza kama korido ni ya nani. Mtani akakabidhiwa ufunguo, mambo yakaisha.

Vitunguu vilipoanza kutoka mashambani, gunia la kwanza lilikaa koridoni "kwa siku mbili tu". La pili likaja kuliliwaza la kwanza. Na yale hayakuwa magunia ya kawaida, yalikuwa lumbesa, yale yanayojazwa mpaka mdomo ukashindwa kufungika, kisha yakaongezewa kilemba juu na kushonwa kwa kamba. Yalikuwa na matumbo. Yalipangwa pande zote mbili hadi karibu na dari, matumbo yakitazamana, na katikati ikabaki nafasi ya mtoto kupita kiubavu akiwa amebana pumzi. Nilifika shule kila siku nikiwa na maganda mekundu kwenye sweta. Walimu waliacha kuuliza.

Mama alikwenda kumsemesha mara nyingi. Nilimsikia akianza vizuri, "Mtani, haya magunia yako..." naye anamkatiza, "Yangu na nyumba yangu! Si ulinipa mwenyewe? Mimi nimekuvumilia tu wewe na kuku wako." Basi, mama anacheka. Anarudi uani bado anacheka, halafu akifika jikoni uso unamshuka, anapuliza moto ambao tayari unawaka. Nilimchukia mtani kwa ajili ya uso ule. Sikujua kwamba mjane akipandisha sauti kwa mpangaji mtaa mzima husema kiburi kimemwingia, wala sikujua kuwa tangu msiba wa baba hakukuwa na mtu mwingine aliyemchekesha.

Aliyefungwa hasa na vitunguu vile alikuwa bibi, mama yake baba. Goti lake la kulia lilikuwa limekakamaa, halikunjiki, akitembea kwa fimbo na mguu ule ukienda kwa upana wake wenyewe. Kupita kiubavu asingeweza. Kabla ya vitunguu, kila alasiri alikuwa akikaa kwenye kibaraza cha mbele, akiamkiwa shikamoo na kila apitaye, akiuliza hali za ng'ombe na za wagonjwa. Sasa alikaa uani akitazama matofali ya lile geti. Jumapili kanisani hakwenda. Hakusema neno. Tukimuuliza anasema goti linataka kupumzika.

Mimi ndiye niliyefanywa macho yake. Nikitoka shule ilinibidi nikae kibarazani, nisicheze, nihesabu wapitao, kisha nijipenyeze ndani kumpa habari. Niliichukia kazi hiyo. Wenzangu walikuwa wakiruka kamba hatua kumi kutoka nilipo, nami nimekaa pale kama mlinzi wa benki. Siku nyingine nilidanganya: nilibuni watu, nikabuni na salamu zao. Bibi alizipokea zote, akanijibu, "Umwambie nimezipata."

Aliyemuulizia zaidi ni Bi Halima, rafiki yake tangu usichana, aliyekaa nyumba ya nne kutoka kwetu. Zamani walikaa pamoja pale kibarazani wakisema Kinyaturu cha ndani ambacho mimi nilikipata nusu nusu. Bi Halima naye miguu ilikuwa imechoka, na alipokuja akaona korido ilivyo, alirudi kwake.

Jumamosi moja asubuhi alikuja akiwa amevaa kitenge kipya. Mwanawe alikuwa amefika kutoka Itigi kumchukua akaishi naye moja kwa moja, na basi lilikuwa la mchana. Mtani alikuwa mlangoni anashona lumbesa. Bi Halima akasimama kwenye kizingiti, akachungulia ule mwanya, akaita. Bibi akajibu kutoka mwisho wa korido. Nikamwona ameshika fimbo kwa mikono miwili, mwanga wa uani ukiwa nyuma yake.

"Nakwenda Itigi!" Bi Halima akapaza sauti.

"Utarudi lini?"

"Nirudi na miguu gani, mwenzangu?"

Walikuwa wakipiga kelele kama watu wa ng'ambo mbili za mto, wawili waliozoea kunong'onezana. Mtani akaona amepata nafasi. "Mabibi, nimrushe mmoja juu ya magunia? Vitunguu navirusha kila siku!" Hakuna aliyecheka. Akarudisha sindano yake kwenye gunia.

Bi Halima akanipa mkono wake, mkavu na wa moto. "Mpelekee bibi yako mkono huu," akasema. Nikaushika, kisha nikaingia katikati ya magunia nikiwa nimeukunja mkono wangu kifuani, nikiogopa usiguse kitu njiani. Nilipomfikia bibi nilimpa. Akaushika kwa mikono yake yote miwili, fimbo ikaanguka, na hakuuachia mpaka vidole vikaniuma. Nililia, nikidhani nalia kwa sababu ya vitunguu.

Mama alikuwa kwenye mlango wa uani na sufuria mkononi. Aliiweka chini. Akajipenyeza hadi mbele, kamba za magunia zikimng'ang'ania kanga, akasimama juu ya yule mtu. "Bwana Msengi," akasema. Kwa muda wote ule sikuwahi kumsikia akimtaja kwa jina. "Naomba uondoe mizigo yako leo."

Mtani alimtazama usoni akitafuta kicheko, akakikosa. Akasimama. "Mama Ester, si ungesema tu," akajibu kwa sauti ndogo, na alimaanisha. Kabla ya saa tisa mikokoteni ilikuwa imebeba kila kitu. Hakuwa mtu mbaya. Nadhani hilo ndilo lililomuumiza mama kuliko yote, kwamba wiki tano zile zilihitaji sentensi moja isiyo na utani.

Basi la Itigi lilikuwa limeshaondoka. Bibi alitembea koridoni polepole, fimbo ikigonga saruji tupu, akakaa kibarazani mahali pake. Mama akapiga magoti mbele yake. "Mama, kwa nini hukuniambia? Wiki tano!"

Bibi akamshika bega. "Ningekuambia nini, mwanangu? Nyumba ni yako."

Niliyachukua maneno yale kuwa adabu ya mkwe kwa mkwe. Nimepangisha miaka mingi sasa, na naweza kuwaambia ninyi wenye vyumba viwili vitatu: andikeni mkataba hata na mtani, tena na yeye hasa. Ila zaidi ya hapo, mwogopeni mpangaji asiyelalamika. Anayegomba kuhusu bomba anajua kwamba kesho bado atakuwepo. Asiyelalamika anahesabu maneno yake asije akaambiwa ahame. Nilikuwa mtu mzima, mama amezeeka, ndipo aliponiambia kwamba mabati ya nyumba ile baba aliyanunua kwa ng'ombe wa bibi, wote, hakubakiza hata ndama. Mwanawe alipofariki, bibi alikaa chini ya mabati yake mwenyewe kwa miaka, akiogopa kwamba akisema neno tutamfukuza.