Wodi ya Vioo Isiyofunguka

Saa saba mchana, jua la utosini. Fundi wa mitambo anamimina dizeli kwenye jenereta la hospitali, mkono mmoja umeshika mpira, mwingine umeziba sikio. Moshi mweusi unapanda ukutani, unapita kwenye madirisha ya wodi ya wazazi. Madirisha hayo hayafunguki.

"Hii ni lita ya mia na themanini tangu asubuhi," anasema kwa sauti ya kushindana na mngurumo. "Tunachoma mafuta kuwapoza wagonjwa, na upepo uko nje bure!"

Mama huyu wa miaka hamsini na mbili, ambaye wauguzi humwita Bibi Spana, ametunza mitambo hapa kwa miaka ishirini na sita. Wodi ya zamani, yenye dari ndefu, baraza la kivuli na madirisha yanayotazamana, haijawahi kuhitaji kiyoyozi. Jengo jipya la wazazi ni vioo kutoka sakafuni hadi paani, limeelekezwa magharibi, na lina viyoyozi thelathini na vinne.

Siku ramani yake ilipobandikwa, alimwuliza msanifu madirisha ya kufungua yako wapi.

"Alinitazama kuanzia viatu hadi kilemba," anakumbuka. "Akasema, 'Mama, wewe kazi yako spana, kuchora tuachie sisi.' Nikanyamaza. Kunyamaza kule kunaniuma mpaka leo."

Mwezi wa tatu baada ya wodi kufunguliwa, umeme ulikatika na jenereta nalo likagoma. Kufikia adhuhuri kipimajoto kilisoma nyuzi thelathini na tisa. Ndani mlikuwa na wazazi kumi na tisa na vichanga vyao.

"Mzazi mmoja alinishika gauni. 'Mama fundi, mwanangu hanyonyi, analegea!' Sikuomba ruhusa ya mtu. Nilichukua bisibisi nikang'oa vioo sita upande huu, sita upande ule."

Upepo ukaingia. Kichanga kile kilikimbizwa wodi ya zamani, na alasiri kikanyonya.

Wiki iliyofuata alipewa barua. Si ya shukrani, bali ya kumtaka ajieleze kwa kuharibu mali ya hospitali. Msanifu hakuandikiwa hata mstari. Vioo vilirudishwa, safari hii kwa gundi.

"Aliyejenga tanuri anapigiwa makofi, aliyelifungua anaitwa mharibifu!" anafoka muuguzi mkuu. "Haya ni maajabu gani?"

Sasa imebandikwa ramani ya wodi ya watoto. Vioo tena. Magharibi tena.

Safari hii Bibi Spana hakunyamaza. Kwa miezi minane amepima joto la wodi zote mbili, mara tatu kwa siku. Viyoyozi vinapozimika, ile ya zamani ina nafuu ya nyuzi saba, bila tone la dizeli. Wauguzi arobaini na mmoja wametia saini waraka wake wa kuipinga ramani hiyo, na mganga mkuu amesimamisha ujenzi hadi kamati imsikilize Alhamisi.

"Wamenipa dakika kumi," anasema akifuta mikono. "Nami nimeomba jambo moja tu: kikao kiwe kwenye chumba cha mikutano cha jengo la vioo, viyoyozi vizimwe. Wavue makoti kwanza. Ramani tutaifungua wakishalowa jasho."